Sikio ni la Macho

Macho alikuwa dada mmoja, mpiga pasi katika duka la dobi. Hilo si jina alilopewa alipozaliwa. Watu walimbandika wenyewe, kwa sababu macho yake hayakutulia. Mlango ukifunguka, ameshauona. Mteja akinung'unika, ameshayasoma maneno midomoni mwake.

Masikio yake yalianza kufifia tangu utotoni. Alipokuwa mdogo alisikia kidogo, akajifunza kusema nyumbani. Shuleni akajifunza lugha ya alama. Usikivu ukazidi kupungua mwaka hadi mwaka. Alivaa mashine za masikio, zile ndogo zinazokuza sauti, lakini siku hizi zilimpa mvumo tu, kama wa feni chakavu. Kwa hiyo alisikiliza kwa macho.

Kusoma midomo si mchezo. Maneno mengi hufanana yakitazamwa. "Pasi" na "basi" midomoni ni kitu kimoja. Siku moja Dobi, mwenye duka, alimwambia, "Basi, Macho, inatosha!" Macho akamletea pasi, tena ya moto. Walicheka mpaka wakashika mbavu.

Siku kaka yake alipofika dukani, Macho hakucheka.

Kaka yake alikuwa fundi umeme. Hakuwa mtu wa kupitapita kwa dobi. Siku hiyo alimpita Macho kama hakumwona, akaenda moja kwa moja kwa Dobi, nyuma ya mashati yaliyotundikwa. Akasimama akimpa Macho mgongo. Kaka alijua vizuri: ukitaka Macho asipate habari, mpe mgongo.

Midomo ya Dobi ilionekana kidogo katikati ya mashati mawili. "Lini?" Kisha, "Nitatafuta mtu." Macho alipoinua kichwa, Dobi akafunga mdomo. Kaka akageuka na tabasamu pana kupita kiasi.

"Mlikuwa mnasema nini?" Macho aliuliza.

"Mambo ya umeme tu. Nitakueleza baadaye."

Hilo "baadaye" Macho alilijua tangu utotoni. Wageni wakicheka sebuleni, akiuliza, ataambiwa baadaye. Ndugu wakigombana, akiuliza, ni baadaye. Lingekuwa ni mtu, angekuwa amezeeka akiwa njiani.

Harufu ya kuungua ikampanda puani. Kola ya shati la mteja ilikuwa imegeuka rangi ya chai.

* * *

Nyumbani nako mambo hayakuwa ya kawaida. Mama alikuwa mpole kuliko desturi yake. Hakumgombeza Macho kwa kuacha taa zikiwaka. Kila mara alimtazama kwa jicho la huruma, na Macho akimtazama, Mama anaokota kitu kisichokuwepo sakafuni.

"Hawa wananificha kitu," Macho alijiambia.

Alikumbuka jinsi jambo lilivyoanza. Kaka alipata habari kwamba hospitali kubwa inapandikiza kifaa ndani ya sikio, na kiziwi anasikia. Alirudi nyumbani akipumua kama aliyefukuzwa. Macho alimjibu wazi, "Kupimwa nimekubali. Kukatwa bado." Akapimwa usikivu, mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu alipelekwa kupigwa picha ya kichwa.

Aliporudi kutoka kwenye picha, aliwakuta Mama na Kaka wako chumbani kwa Mtaalamu wa usikivu. Walikuwa wameanza bila yeye. Mlango ulikuwa na kioo. Mama na Kaka walikuwa wamekaa wakimpa mgongo, lakini Mtaalamu alikuwa ameelekea mlango. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, na midomo yake ilisomeka vizuri. Macho akasoma maneno matatu: "Atasikia kama nyinyi."

Angefurahi. Lakini uso wa Mtaalamu haukuwa wa mtu anayetoa habari njema. Na Mama alikuwa anatafuta leso mkobani.

Walipotoka nje, Kaka alimshika mabega. "Mtaalamu amesema utasikia kama sisi!"

Maneno yalikuwa yaleyale aliyoyaona. Ila Mama alitazama viatu vyake.

Jambo hilo lilimkaa Macho rohoni. Asubuhi moja, siku chache baada ya Kaka kufika dukani, alisimama mbele ya kioo. Akasema polepole, "Atasikia." Akasema tena, "Hatasikia." Midomo ilicheza vilevile. Hapakuwa na tofauti hata ya unywele. Ile herufi ya mwanzo ni pumzi tu, na pumzi haionekani.

Akakaa kitandani. Je, Mtaalamu alisema lipi kati ya hayo mawili?

Alipofika kazini siku hiyo, mashaka yakapata mguu wa pili. Mwanamke asiyemjua alikuwa amesimama kwenye meza yake, ameshika pasi yake, na Dobi anamfundisha kukunja mikono ya shati.

"Huyu nani?"

Dobi akajikuna kisogo. "Ni wa kukusaidia, wakati ule... Kaka yako hajakwambia?"

"Wakati upi?"

Dobi akatazama juu, kama vile jibu limeandikwa darini.

Macho akavua aproni. Akaikunja, akaiweka mezani. "Nitarudi mchana," alisema. "Na pasi hiyo naiacha kwa muda tu."

* * *

Alikwenda hospitali peke yake. Hakumuaga mtu. Pale mapokezi aliomba kitu ambacho hakuwahi kukiomba: mkalimani wa lugha ya alama. Siku zote Kaka ndiye aliyemkalimania, na sasa hakujua Kaka amekuwa akikalimani au akipika.

Alisubiri sana. Mkalimani alipofika, wakaingia kwa Mtaalamu pamoja. Macho hakukaa.

"Ulimwambia mama yangu 'atasikia' au 'hatasikia'?"

Mtaalamu akavua miwani. "Nilisema, hatasikia kama nyinyi. Hukuambiwa?"

Macho akavuta kiti, akakaa.

"Niliwaambia wakueleze," Mtaalamu akaendelea. "Nikaona umechelewa kwenye picha, na watu wanangoja nje. Sikutakiwa kuanza bila wewe. Nimekosea, na naomba radhi."

Macho hakulainika haraka. Mtu akiomba radhi upesi, labda kuna lingine anaficha. Akauliza kwa mikono, na mkalimani akatoa sauti: "Wewe unapata nini mimi nikikatwa?"

Mtaalamu akacheka. "Napata kazi. Ukipandikizwa utakuja hapa miezi mingi. Utanichoka, na mimi nitakuchoka. Haya, uliza yote. Leo sifungi mlango mpaka uishiwe maswali."

"Kifaa chenyewe ni nini?"

Mtaalamu akatoa kimoja kwenye droo. "Kina sehemu mbili. Hii ya ndani, daktari anaiweka chini ya ngozi, nyuma ya sikio. Ina uzi mwembamba unaoingia kwenye sikio la ndani. Hii ya nje unaivaa mwenyewe. Inanasa sauti na inashika kichwani kwa sumaku. Mashine zako za sasa zinakuza sauti. Hii haikuzi. Inaigeuza sauti kuwa umeme mdogo sana na kuupeleka kwenye mshipa wa kusikia."

"Halafu nasikia?"

"Halafu unapata mlio. Kuelewa mlio ni kazi ya ubongo. Mtu aliyekuwa anasikia vizuri, akapoteza usikivu ukubwani, ubongo wake unakumbuka maneno yanavyolia. Wewe masikio yako yalififia utotoni. Ubongo wako ulijifunza kutumia macho. Itabidi ujifunze sauti kama mtu anayejifunza lugha ya kigeni, kwa mazoezi ya kila siku."

"Nitapokea simu?"

"Huenda usipokee kamwe. Wapo waliopoteza usikivu utotoni kama wewe ambao leo wanaelewa sentensi bila kutazama midomo. Wengine wengi wanasikia sauti za mazingira, na kusoma midomo kunakuwa rahisi. Wapo pia waliovunjika moyo, wakakivua na kukiweka kabatini. Wewe ulivaa mashine tangu mdogo na unaongea. Hilo linasaidia. Lakini ahadi sina."

Macho akamtazama usoni muda mrefu. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amemwambia jambo baya bila kulipaka sukari.

"Hatari zake?"

"Ni upasuaji, na utalazwa usingizi. Kusikia kidogo kulikobaki kwenye sikio hilo kunaweza kupotea. Unaweza kupata kizunguzungu, au ladha kubadilika mdomoni, mara nyingi kwa muda tu. Mara chache kidonda huingia vijidudu. Kabla ya upasuaji utachanjwa kujikinga na homa ya uti wa mgongo. Na maisha yako yote, kabla ya kupigwa picha zile za mashine ya sumaku, lazima umwambie daktari una kifaa kichwani. Jambo lingine: uliza mapema betri na vipuri vitapatikana wapi. Kifaa kisicho na betri ni pambo."

"Na nikikataa?"

"Utakuwa umekataa. Utakwenda nyumbani utakunywa chai yako. Wako viziwi wengi wanaoishi vizuri kwa lugha ya alama na hawakitaki. Hawajakosea."

Macho akakitazama kile kifaa. Kisha akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Nataka kumwona mtu aliye nacho. Siyo picha. Mtu."

* * *

Kwanza alikuwa na hesabu ya kumaliza nyumbani. Mama na Kaka walikuwa mezani. Macho akasimama mbele yao ili wote wawili wamwone.

"Hatasikia kama nyinyi," alisema. "Hivyo ndivyo alivyosema Mtaalamu. Kwa nini mlinidanganya?"

Kaka akaweka kikombe chini. Hakuwa na tabasamu safari hii. "Ungejua ungekataa."

"Basi ningekataa! Umemwambia mpaka bosi wangu. Ametafutwa mtu wa kushika pasi yangu. Kila kitu mmepanga. Sikio ni la nani, Kaka?"

"La kwako, mdogo wangu, lakini..."

"Hapo kwenye 'lakini' ndipo mlipoingilia."

Kaka akainamisha kichwa. Macho akagonga meza. "Usiiname! Ukiinama sioni unachosema."

Kaka akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu. "Siku moja, kabla hujapimwa, lori lilipiga honi nyuma yako, pale barabarani. Niliona. Nilikuita, na kukuita hakusaidii. Lilikukosa hivi hivi. Tangu siku hiyo silali vizuri. Nikaona hata nikisema uongo, potelea mbali."

Macho hakuwa na habari ya lori lolote. Hilo nalo hakuambiwa. Alitaka kukasirika zaidi, lakini hasira ilikosa pa kushika.

Mama ndiye aliyesema, akimgeukia. "Mimi nilimsikia Mtaalamu vizuri, mwanangu. Nilisikia 'hatasikia'. Kaka yako alipokwambia vingine, nikanyamaza. Nilitamani iwe kweli."

"Mama, mimi ningeweza kukatwa kichwa kwa matamanio yenu."

"Najua," Mama alisema. Akarudia kwa mkono, kwa alama moja kati ya chache alizozijua. Alama hiyo aliikosea kidogo. Macho hakuirekebisha.

* * *

Mtaalamu alimwelekeza kwa kinyozi mmoja aliyekuwa na kifaa. Macho alikwenda na mashaka yake yote. Huyu kinyozi bila shaka amepangwa, aliwaza. Atasifu kifaa kama mtu wa matangazo.

Kinyozi alikuwa mwanamume mnene, amefifia masikio tangu utoto kama yeye. Alikuwa anajua alama. Juu ya sikio lake la kulia kulikuwa na kidude cheusi, na kiduara kimeshika kichwani. Akakibandua, akakibandika kwenye kifuniko cha kopo la poda. Kikanata.

"Sumaku," alisema. "Wateja wanafikiri ni uchawi."

Macho akaamua kumpima. Kinyozi alipokivaa tena, Macho akaficha mdomo kwa kiganja na kumuuliza, "Umeoa?"

"Hapo umeniacha, dada!" Kinyozi akacheka. "Najua umesema. Ulichosema sijui. Toa mkono."

"Kumbe hakikusaidii."

"Miezi ya kwanza nilikichukia. Kila mtu alilia kama bata ndani ya pipa. Mke wangu, bata. Redio, bata. Mwenye nyumba, bata mkubwa zaidi. Nilikitupa kwenye droo, nikakitoa, nikakitupa tena. Nilidanganywa, au nilijidanganya, kwamba wakikiwasha tu nitasikia kila kitu."

"Sasa kwa nini unakivaa?"

Kinyozi akafikiri. Akawasha mashine ya kunyolea. "Hii ikishika nywele vibaya, mlio wake unabadilika. Naujua. Mtoto akilia nyuma ya mlango, najua. Mteja akinitazama kwenye kioo, sauti na midomo vinakuja pamoja, nakisia kidogo. Zamani nikifunga duka kichwa kilikuwa kinaniuma kwa kukisia. Ni hivyo tu. Ukitaka zaidi ya hivyo, usikatwe."

Macho akatoka pale akiwa hajasifiwa kitu chochote. Njiani akagundua kwamba amemwamini.

* * *

Mtaalamu hakuharakisha. Alimwita Macho pamoja na Mama na Kaka, na mkalimani akiwepo. Akamtaka kila mmoja aseme anatarajia nini.

"Asikie honi," Kaka alisema.

"Hilo linawezekana, akiwa amekivaa," Mtaalamu alijibu. "Ila asiache kutazama barabara. Kujua sauti inatoka upande gani ni vigumu kwa sikio moja."

"Tuongee kwenye simu," Mama akasema, kwa aibu kidogo.

"Hilo liweke pembeni, Mama. Likija, lije lenyewe."

Zamu ya Macho ikafika. "Nataka kujua kama kuna mtu nyuma yangu. Na nataka jioni nisiwe na kichwa kizito. Maneno yakija, yatanikuta."

Mtaalamu akaitikia. "Hayo ndiyo matarajio ya mtu aliyejiandaa."

Macho akakubali. Lakini alitoa masharti yake. Hakuna mazungumzo juu ya sikio lake bila yeye kuwepo. Mama na Kaka watajifunza alama, kwa kuwa betri huisha, na akioga au akilala kifaa huvuliwa. Na ruhusa ya kazi ataomba yeye mwenyewe.

Dobi alimpa ruhusa akitazama pembeni. "Nilidhani unajua," alisema.

"Sasa najua. Na huyu dada mfundishe kola vizuri. Anaziunguza."

"Wewe je, ulizifanyaje juzi?"

Macho akajifanya hakuiona midomo yake.

* * *

Upasuaji ulikwenda salama. Kizunguzungu kilimsumbua siku kadhaa, chai ikawa na ladha ya bati, kisha vyote vikaondoka. Wiki zikapita, kidonda kikapona, ikafika siku ya kuwasha kifaa. Mama alivaa nguo yake nzuri. Kaka aliandaa simu apige picha Macho akilia kwa furaha.

Mtaalamu akawasha. Macho akakunja uso.

"Mnagonga vijiko?" aliuliza.

"Hapana," Mtaalamu alisema. "Ni mimi naongea."

Mama akatoa leso. Kaka akashusha simu, akamshika Mama mkono. "Tuliambiwa, Mama. Ndiyo kwanza anaanza."

Wakaanza. Kila jioni Kaka alikaa mbele ya Macho, akaficha mdomo kwa gazeti na kusema neno moja kati ya mawili: fupi au refu. "Chai" au "kabatini". Mwanzoni Macho alibahatisha. Akakasirika. Siku nyingine alivua kifaa na kusema kwa alama kwamba vijiko vimemchosha, na Kaka naye akamjibu kwa alama, kwa vidole vizito vya fundi umeme. Mtaalamu alirekebisha kifaa mara kwa mara. Polepole vijiko vikaanza kuachana. Mlango ukawa na mlio wake, maji ya bomba yakawa na wake. Pale dukani aliutambua mvuke wa pasi kabla haujamchoma mkono. Simu hakupokea. Redio ilibaki kelele. Lakini jioni alirudi nyumbani na kichwa chepesi.

Siku moja alikuwa sebuleni akikunja nguo, amegeukia dirisha. Mama alikuwa jikoni. Kitu kikapita nyuma yake, kikapanda na kushuka. Haikuwa mlango. Haikuwa maji. Macho akaacha shati, akaenda jikoni.

"Mama, umesema kitu?"

Mama akageuka na mwiko mkononi. "Umesikia?"

"Ulichosema sikusikia. Nimesikia kwamba umesema. Umesema nini?"

Mama akahamia karibu na dirisha, mwanga umwangukie usoni, akasema polepole, "Nilikuwa naigombeza sufuria. Inaunguza chini."

"Unaongea na sufuria?"

"Kila siku. Na ufagio pia."

"Miaka yote hii?"

Mama akaanza kucheka. Macho akasimama palepale mlangoni, akakisikia kicheko cha mama yake. Kilipanda, kikakatika katikati, kikapanda tena.